Kuku wa Miguu Mitatu

Jumapili iliyopita nilikuwa nachoma miguu ya kuku juu ya jiko, na ile harufu ikanishika. Ninyi wa rika langu mnaijua. Gamba la mguu linapasuka motoni, linajikunja, unalivuta kwa vidole likiwa bado linaunguza, na kucha unazing'oa moja moja kama unamvua mtu kofia. Wajukuu wangu wakaziba pua.

"Shosh, hizo miguu si ni za kupea mbwa?"

"Mbwa wa nani? Mimi nimeipangia laini hapo kwa Mama Atieno muuza kuku, na waliokuwa mbele yangu hawakuwa mbwa."

Wakacheka. Wamenizoea. Mimi naishi Gatina, Kawangware, ghorofa ya pili, na mlango wangu Jumapili haufungwi. Nimezaa watoto sita, nikawalea wote kwa kufua nguo za watu na kukaanga maandazi, na hakuna hata mmoja anayenipita barabarani akijifanya hanioni. Wajukuu walikuwa kumi na mmoja. Mwaka huu wamefika kumi na wawili, maana kitindamimba wangu ameoa, na mke wake amekuja na binti wa miaka saba, Shiru, aliyemzaa kabla hawajakutana. Mimi mambo hayo siulizi. Mtoto akifika mlangoni pangu akavua viatu, ni wangu.

Sasa hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Shiru kula kwangu, na kila mtu alitaka kumpendeza. Mwanangu akampakulia paja. Shangazi zake wakasema mpeni na ngozi, mwongezeni mchuzi. Paja kubwa, limelala kwenye sahani mpaka linagusa ukingo. Mtoto akakaa nalo mbele yake kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake kituoni akaambiwa alinde tu. Alisema asante. Hakuligusa.

Wengine walidhani ana haya. Mimi nilitazama ule uso nikaujua, kwa sababu niliwahi kuuvaa.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba alikuwa amevuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi, akapotelea hukohuko. Kwa hiyo nikawa mtoto wa kupokezanwa. Nilianzia kwa kaka mkubwa wa baba, kule kwetu magharibi. Nikakaa mpaka mahindi yakavunwa mara mbili. Siku moja wakachinja kuku, wakanipa paja. Sikuwa nimewahi kupewa paja tangu nizaliwe. Nililila mpaka nikauvunja mfupa nikanyonya ndani. Kesho yake asubuhi nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko wa karatasi. Nikapelekwa kwa rafiki wa mama, mwanamke mmoja wa kanisa, mpole, anaimba akipika. Pale nilikaa mwaka na kidogo, halafu mume wake akahamishwa kazi. Wakachinja kuku. Paja. Mfuko.

Shule nilikuja kukaa miaka mitatu tu, na hesabu za ubaoni zilinishinda. Lakini hesabu ya sufuria niliijua mapema. Paja ni la mtu anayeondoka.

Wala sikuwa nimekosea kabisa. Kwetu kuku hakatwi ovyo. Watoto wa siku hizi wanasema "share yangu", kwenye redio wanasema mgao, kanisani wanasema sehemu. Kwa watu wangu neno lilikuwa fungu, na fungu lilikuwa na mwenyewe hata kabla kuku hajakamatwa. Firigisi, sisi tunaiita imondo, ni ya baba mwenye nyumba, na akija mgeni wa kiume wa heshima, ni ya mgeni. Mke akiipoteza hiyo, au panya akaiba, kuna wanaume walimrudisha mwanamke kwao akalete kuku mwingine mzima. Kifua ni cha wanaume. Paja ni la mgeni. Mgongo ni wa mama. Na shingo, na utumbo uliosukwa kama kamba, na miguu, hayo ni ya watoto wa nyumba. Mgeni hawezi kupewa mguu wa kuku. Ni kama kumwambia afagie uwanja.

Kwa hiyo mtoto akitaka kujua yuko wapi duniani, anatazama sahani.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyonileta Nairobi, kwa Senge. Senge ni dada ya baba, na huyu alikuwa mwanamke mwenye mwili na sauti. Akicheka, mabati yanaitikia. Alikaa Gatwekera, Kibera, chumba kimoja cha udongo, na katikati pazia la shuka la maua. Upande huu viti na stovu, upande ule kitanda, na chini ya kitanda maisha yetu yote. Alikuwa anafua nguo kwenye nyumba za mtaa wa Woodley, kwa wenye nazo. Asubuhi anashika njia ya reli, jioni anarudi mikono imekunjamana kwa sabuni, anatuita kabla hajafika ili tusikie kwamba amefika. Mume wake, Baba Barasa, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, penseli haitoki sikioni hata kanisani. Watoto walikuwa wawili. Barasa, wa miaka kumi, na Nanjala, wa miaka mitano. Mimi nilikuwa na minane, nikaingia katikati yao kama jino linaloota pasipo nafasi.

Nilipapenda. Niseme ukweli, nilipapenda mpaka nikaogopa. Tulilala watatu kwenye gunia lililojazwa nguo kuukuu, blanketi moja, Barasa anapiga mateke usingizini kama punda. Asubuhi mabati yanaanza kutoa milio jua likiyapata, tik, tik, na mimi nalala macho wazi nikisikiliza. Siku moja nilivunja kikombe cha chai cha Baba Barasa. Senge akanifokea, wee, akanitaja mimi, na mikono yangu, na siku niliyozaliwa, akasema leo nitakunywa chai kwa kiganja. Nilitoka nje nikacheka peke yangu nyuma ya choo. Mgeni hafokewi vile. Mgeni anaambiwa, aa, usijali, ni kikombe tu.

Lakini kitu kimoja kilikuwa bado. Kuku. Kibera wakati huo kuku ulimwona Krismasi, au akija mtu. Sukuma wiki haina mwenyewe, maharagwe hayana mwenyewe, unapakuliwa tu kijiko kama wenzako. Nilikuwa nimekaa kwa Senge miezi mingi na sikuwa nimejua kama nina fungu pale.

Ndipo akaja Khocha.

Khocha ni mjomba, kaka ya mama yangu. Alitokea Jumamosi alasiri, mrefu, koti la mvua na jua limelowa jasho, na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu jogoo mwekundu ametoa kichwa anaiangalia Nairobi kwa jicho moja. "Mulembe!" akaita salamu ya kwetu toka kwenye mfereji. Mimi nilijificha. Mjomba hakuwahi kuja kwa ajili yangu kokote nilikokaa, na sasa amekuja, na amekuja na kuku. Jogoo akafungwa kwenye mguu wa kitanda. Kikapu kikatundikwa kwenye msumari, kitupu, mdomo wazi. Na jioni ile ile Senge akalifua gauni langu la Jumapili, akaliweka karibu na stovu likauke, akalipiga pasi ya makaa mpaka likanyooka kama karatasi.

Nikaangalia gauni. Nikaangalia kikapu. Nikajua ule ndio mfuko wa safari hii.

Kitu ambacho sikujua, na ambacho Senge alinisimulia nikiwa nimeshakuwa mama wa watu, ni hiki. Khocha alikuwa amemtumia Senge ujumbe kupitia mtu wa kwetu. Kijijini walikuwa wanasema watu wa Nairobi wanachukua watoto wa marehemu wanawageuza vijakazi, wanalala jikoni, wanakula ukoko. Khocha alikuwa amemwahidi mama yangu akiwa kitandani kwamba atanitazama. Basi akasema nakuja kuona kwa macho yangu mtoto wa dada yangu anakula nini. Nikiona vibaya, narudi naye. Senge hakulala siku mbili. Alinipigia gauni pasi ili nionekane mtoto wa watu wanaojiweza, na akaapa moyoni kwamba kuku akipakuliwa, fungu langu Khocha alisikie na alione.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwa watu wazima. Kichwani mwangu kulikuwa na paja na mfuko.

Tulipotoka kanisani jogoo akachinjwa nyuma ya nyumba. Maji ya moto, manyoya, ile harufu ya kuku mbichi aliyeungua kidogo. Barasa akapata mguu mmoja kabla haujachomwa, akavuta ule mshipa mweupe uliotokeza, na vidole vya kuku vikajikunja. Akamfukuza Nanjala navyo kuzunguka nyumba, "Anakukamata! Anakukamata!" Mimi nilisimama na beseni. Nilikuwa nahesabu. Miguu miwili. Barasa mmoja, Nanjala mmoja. Ilikuwa imeisha.

Wanaume walikaa upande wa viti, sisi watoto nyuma ya pazia, chini, kwenye gunia. Senge akapakua amesimama, na alipakua kwa mdomo, kila kipande na tangazo lake, sauti ya mtu anayeuza samaki.

"Imondo ya mgeni wetu, karibu shemeji. Kifua hiki cha Baba Barasa. Paja hili la mgeni pia, asiseme Nairobi kuna njaa. Na paja hili la pili," hapo akapandisha sauti kabisa, "ni la msichana wetu!"

Msichana wetu. Alisema hivyo, Barasa mpaka leo ni shahidi. Lile neno lilinipita kama upepo. Mimi nililiona paja tu likipenya pazia, likatua mbele yangu.

Nanjala akapewa mguu. Barasa akapewa mguu na shingo.

Nikamsogelea. "Barasa."

"Nini?"

"Nipe mguu wako nikupe hili."

Akaacha kutafuna. Akanitazama kama mtu anayempima mwenzake homa. "Umelitemea mate?"

"Sijalitemea."

"Limeanguka?"

"Halijaanguka."

"Apa."

"Haki ya Mungu," nikasema, nikapitisha kidole shingoni.

"Hakuna kurudishiana," akasema, na paja likawa limeshaondoka kwangu hata sijamaliza kuitikia.

"Nitasema kwa mama!" Nanjala akaanza. Barasa akabandua kipande cha ngozi ya paja akamtia mdomoni, kama mtu anavyoziba tundu la panya. Nanjala akatulia.

Basi nikala mguu. Nimekula vyakula vingi tangu siku hiyo, nimealikwa harusi za watu wenye magari, lakini sijala kitu kama ule mguu. Ngozi yake inateleza halafu inashika. Midomo inagandana kwa utamu wa mafuta. Nilianza na kidole cha mwisho, kidogo kabisa, nikakitoa mfupa, nikauweka ukingoni mwa sahani, nikaenda cha pili. Polepole. Niliona kama kila kidole kinanipigilia msumari mmoja nisitoke nyumba ile.

Nikasikia Khocha upande wa pili akijifuta mdomo. "Shemeji, huyu mtoto wa dada yangu aje nimwone. Aje na sahani yake."

"Aje, kwani kuna nini?" Senge akasema, sauti imejaa ushindi, na yeye mwenyewe akalivuta pazia kwa mkono wake.

Nikasimama na gauni langu la pasi, na vidole viwili vya kuku vimetokeza mdomoni mwangu.

Khocha akaweka tonge chini. Aliangalia sahani yangu, vile vifupa vidogo nilivyovipanga, akamgeukia Senge.

"Mama Barasa. Nimesikia kwa masikio yangu ukitangaza paja."

"Nimetangaza."

"Mbona naona vidole?"

Senge akanitazama, akatazama sahani, akainama akachungulia nyuma ya pazia. Barasa alikuwa amekaa na lile paja amelilaza mdomoni kama filimbi.

"Barasa! Umemnyang'anya mtoto wa watu chakula? Mbele ya mgeni?"

Mtoto wa watu. Hilo halikunipita. Liliingia mpaka kwenye visigino.

Baba Barasa akaanza kufungua mkanda. Barasa alitikisa kichwa, macho yametoka, mdomo umejaa, anaonyesha kwa mfupa, mimi, yeye, mimi. Angemeza angesema, lakini kumeza angemeza nini, nusu ya paja? Na Khocha akasimama, kichwa kikakaribia mabati.

"Inatosha. Waliyosema ni kweli. Unatangaza paja ili nisikie, halafu nyuma ya pazia mtoto wa dada yangu anapewa miguu. Mfungie nguo zake. Kesho naondoka naye."

Nilikumbuka kutoa vile vidole mdomoni. Sijui sauti niliitoa wapi. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza, nyumba mbili zilikuwa zimenifundisha.

"Nilimpa mimi!"

Wote wakageuka.

"Barasa hakuninyang'anya. Nilimpa. Sitaki paja. Kila nikipewa paja nafungiwa nguo. Kwa baba mkubwa nilipewa paja, nikafungiwa nguo. Kwa yule mama wa kanisa nilipewa paja, nikafungiwa nguo. Barasa ni wa hapa, anakula mguu. Nanjala ni wa hapa, anakula mguu. Mimi nataka mguu!"

Halafu nikalia, tena kile kilio kibaya cha makamasi, na ule mguu nimeushika kifuani, mafuta yanaingia kwenye gauni la pasi.

Ninyi mnajua Kibera haikuwahi kuwa na kimya. Nyumba ya pili redio ilikuwa inaimba kwaya, mtu alikuwa anagombana na mtungi wake, mtoto analia huko chini mtoni. Lakini ndani mle palinyamaza. Senge akakaa kitandani. Huyu mwanamke ambaye hata akiomba Mungu jirani walisikia, alishika upindo wa leso yake akauweka machoni, mabega yakawa yanatikisika, na hakutoa hata sauti. Baba Barasa akaurudisha mkanda wake, tundu kwa tundu, kama mtu anayefunga kitu kisivunjike.

Khocha akakaa. Kwenye sahani yake firigisi ilikuwa bado, ameiweka pembeni, maana mgeni huila mwisho. Akaichukua kwa vidole viwili akaniinulia.

"Hii ni nini?"

"Imondo."

"Ni ya nani?"

"Ya mgeni."

"Nani mgeni hapa?"

Niliogopa kukosea.

"Ni mimi," Khocha akasema. "Humu ndani mgeni ni mmoja tu, na kesho asubuhi anapanda basi."

Akaitia mdomoni yote. Akaitafuna polepole, ananitazama, na mimi namtazama akitafuna. Sijaona tena mtu akila kitu kwa uzito kama ule. Alipomeza, niliona koo lake likipanda na kushuka.

Nyuma ya pazia sauti ikatoka. "Sasa hili nimalize?"

"Maliza," Baba Barasa akasema, "kabla sijakumbuka mkanda." Na Senge akacheka. Alicheka huku analia, na mabati yakaitikia.

Kesho yake Khocha aliondoka na kikapu chake. Ndani kulikuwa na sukari na mkate wa dukani. Nilisindikiza kikapu hicho mpaka relini, nikakitazama mpaka kikapotea, nisije nikadanganywa.

Utotoni mwangu Senge hakulizungumza tena jambo lile. Hakunikalisha akaniambia nakupenda, watu wetu hawakuwa na mambo hayo. Alinifokea vilevile, akanituma maji vilevile. Krismasi ikafika, akanunua kuku, akampika mwenyewe, akatufukuza nje. Wakati wa kupakua akazamisha mwiko kwenye sufuria. Mguu wa Barasa. Mguu wa Nanjala. Akazamisha tena, akatoa mwingine, akauweka kwenye sahani yangu, akaendelea na shingo kama hakuna kilichotokea.

Barasa akahesabu kwa kidole. "Mama, huyu kuku alikuwa na kasoro?"

"Huyu kuku alikuwa na watoto watatu wa kulisha. Kula."

Niliuangalia mguu wangu. Ile miwili ilikuwa ya kijivu, myembamba, ya kuku aliyetembea. Wangu ulikuwa wa njano, mnene, laini kama wa mtoto. Mimi niliamini. Msinicheke. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita penye kuku wa jirani nainama naangalia chini ya mbawa, natafuta mguu wa tatu wanaouficha. Nilidhani Senge anajua kuwachagua sokoni. Nilidhani ni bei.

Mwaka uliofuata Senge alinichukua nimsaidie kubeba nguo Woodley, wiki ya Krismasi. Tulipomaliza, mpishi wa nyumba ile akatokea mlango wa nyuma, Mluo mmoja wa makamo, aproni imechafuka damu ya kuku wa gredi, wale wa kizungu wenye miguu ya njano. Mkononi ana kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Mama Barasa, mguu wako huu. Lakini hata wewe, kila mara unachukua mmoja. Si uchukue yote, mimi natupa tu."

"Mmoja unatosha," Senge akamwambia. "Ile mingine tunayo."

Akautia kwenye kikapu chini ya sabuni. Hakunitazama. Tukarudi kwa njia ya reli, yeye mbele, mimi nyuma na furushi kichwani, na nilifurahi kwamba furushi lilinifunika uso. Sikumwambia nimeelewa. Mpaka anaingia kaburini hakujua, au alijua akanyamaza kama mimi. Senge alipomzaa Wekesa wetu, kuku wa nyumba ile akawa na miguu minne kama mbuzi, na hakuna aliyeuliza. Barasa sasa ni mzee hana meno, lakini akinipigia simu salamu yake bado ni moja, kama nina paja la kubadilisha.

Basi, turudi Jumapili. Niliinuka kwenye kiti changu, magoti yanalia, nikaenda alipokaa Shiru. Nikalichukua lile paja kwenye sahani yake.

Mama yake akaitazama sahani. Mwanangu ndiye aliyesema. "Mathe, sasa hiyo ni nini? Si umwachie mtoto!"

"Wewe nyamaza, hujui unachosema."

Nikachukua mguu kwenye sufuria, nikauweka mbele ya mtoto. Akauangalia. Halafu akafanya kile nilichojua atafanya. Akainua macho, akapitia sahani za wenzake, moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa na mguu wake. Mwingine umesukumwa pembeni, mwingine umefunikwa na ugali usionekane, wanajifanya wamezaliwa na kuku wa dukani, lakini ulikuwapo. Kumi na mmoja. Akarudi kwa wake.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako. Hata usipokuja, nitauweka."

Akaushika kwa mikono miwili. Akaanza na kidole cha mwisho.

Paja nililila mimi. Mbele yao wote, na ngozi yake, mpaka nikauvunja mfupa nikanyonya ndani. Walishangaa, maana tangu wanijue mimi ni mtu wa mguu. "Shosh, leo umeamua!" Nikawaambia waache kelele, wanipe chumvi. Nyumba hii ina mgeni mmoja tu sasa, na huyo ni mimi mzee, wala sina haraka ya kupanda basi.